Gari dogo la injini mpya: Hesabu ya lita kabla ya bei

BEI ya petroli jijini Nairobi ilipofika Sh217.36 kwa lita mnamo Oktoba 2023, wenye magari wengi waligeukia swali ambalo awali walikuwa wamewaachia madereva wa teksi: gari hili huenda kilomita ngapi kwa lita moja?

Bei hiyo ilishuka baadaye, lakini swali halikuondoka. Ndilo limeyapa magari madogo kutoka Japani soko pana nchini. Toyota Vitz, Toyota Aqua, Mazda Demio, Nissan Note, Honda Fit na Suzuki Swift yamejaa katika yadi za Mombasa na Nairobi, na wauzaji huyanadi kwa tarakimu moja tu, ile ya kilomita kwa lita. Wengine huitaja kabla hata ya kutaja bei.

Tarakimu hiyo si uongo mtupu. Ufundi wa injini ndogo ulipiga hatua kubwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, na tofauti yake huonekana kwenye kituo cha mafuta. Hata hivyo, akiba hiyo ina masharti. Humfaa zaidi anayesafiri masafa ya kutosha, na hudumu tu mikononi mwa mmiliki anayeitunza injini jinsi injini yenyewe inavyodai. Asiyetimiza masharti hayo aghalabu humpelekea fundi kile alichookoa kwa muuza petroli.

Injini ndogo za zamani zilitumia mafuta kidogo kwa sababu tu zilikuwa ndogo. Hizi za kisasa zina siri nyingine. Mwaka 2011, kampuni ya Mazda iliingiza katika Demio injini ya petroli ya lita 1.3 iitwayo Skyactiv yenye uwiano wa mbano wa 14 kwa 1, wakati ambapo injini nyingi za kawaida zilikuwa kati ya 10 na 11. Kadiri mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo nishati nyingi zaidi inavyopatikana kutoka kwa tone lilelile la mafuta.

Toyota ilifuata mwaka 2014 kwa injini mbili mpya za Vitz na magari mengine madogo, ya lita 1.0 na ya lita 1.3. Kampuni hiyo ilisema kwamba katika hali bora kabisa ya utendakazi, injini ya kwanza hugeuza asilimia 37 ya nishati iliyomo kwenye petroli kuwa kazi, na ya pili asilimia 38. Sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Asilimia hizo huenda zikaonekana ndogo, lakini kwa injini ya petroli ya gari la bei nafuu zilikuwa mafanikio makubwa.

Mbinu iliyotumika ni rahisi kueleza ingawa si rahisi kutengeneza. Vali ya kuingiza hewa huachwa wazi kwa muda mfupi hata baada ya pistoni kuanza kupanda, hivyo sehemu ya hewa hurudishwa nje. Matokeo ni kwamba gesi inayowaka hupata nafasi ndefu ya kusukuma pistoni kuliko ile iliyotumika kuibana. Sehemu ya moshi nayo hupozwa na kurejeshwa ndani ya silinda ili kupunguza joto linalopotea. Juu ya hayo, injini ya Vitz ya lita 1.0 ina silinda tatu badala ya nne, kwa hivyo vyuma vinavyosuguana ni vichache.

Silinda tatu zina tabia yake. Injini hutikisika kidogo gari likiwa limesimama, na wanunuzi wengi wasiojua hilo hudhani imeharibika. Mtikisiko mwepesi ni wa kawaida. Mtikisiko unaofanya usukani na kioo cha pembeni vicheze ni ishara kwamba maunti, yaani vipira vinavyoshikilia injini, vimechakaa.

Gharama nyingine ya mbinu hii ni nguvu. Injini inayorudisha sehemu ya hewa nje haiwezi kuwa na msukumo mkubwa, na Vitz ya lita 1.0 ina nguvu-farasi 69 pekee. Tena hizo ni za kupimiwa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Gari lililojaa abiria watano na mizigo likipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru litalazimika kuzungusha injini kwa kasi, na hapo mafuta huisha kuliko ilivyoandikwa popote.

Ndiyo maana Nissan Note iliyozinduliwa 2012 ilipewa, katika baadhi ya matoleo, injini ya lita 1.2 ya silinda tatu iliyofungwa supachaja, kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Kwa mkazi wa maeneo ya juu kama Eldoret au Nyahururu, tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa. Mkazi wa Mombasa anayezunguka kati ya Nyali na Kisauni haihitaji.

Tarakimu za kilomita kwa lita zinazobandikwa kwenye magari hayo hutoka maabara. Kwa miaka mingi Japani ilitumia jaribio liitwalo JC08, ambamo gari huendeshwa juu ya vyuma vya kuzunguka kwa takriban dakika 20, umbali wa kilomita nane na ushei, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Kiyoyozi huwa kimezimwa. Hakuna matuta, hakuna mashimo, hakuna matatu inayokatiza ghafla. Toyota Aqua ya kwanza, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2011, ilipata kilomita 35.4 kwa lita katika jaribio hilo. Mnunuzi atafanya vyema kupunguza angalau thuluthi moja ya tarakimu yoyote ya JC08 kabla ya kuiamini. Jaribio la WLTC, lililoanza kuchukua nafasi yake Japani mwaka 2018, liko karibu zaidi na hali halisi ya barabara.

Wapo pia waliodanganya waziwazi. Mnamo Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba data ya matumizi ya mafuta ya magari yake madogo ya injini ya chini ya sentimita mchemraba 660 ilikuwa imechezewa. Kashfa hiyo iligusa takriban magari 625,000, mengi yake yakiwa yametengenezewa Nissan na kuuzwa kwa jina la Dayz.

Hata tarakimu ikiwa ya kweli, hupotosha. Chukua mtu anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, ambazo ni kama kilomita 41 kwa siku. Akiacha gari kuukuu linalokwenda kilomita 8 kwa lita na kuchukua linalokwenda 12, matumizi yake hushuka kutoka lita 1,875 hadi 1,250. Ameokoa lita 625. Jirani yake akiacha gari la kilomita 18 kwa lita na kununua la kilomita 25, atajigamba kwamba ameongeza kilomita saba ilhali mwenzake ameongeza nne tu. Lakini matumizi ya jirani huyo yameshuka kutoka lita 833 hadi 600. Ameokoa lita 233 pekee.

Kwa hivyo hesabu ifanywe kwa lita, si kwa kilomita. Tuseme mnunuzi anachagua kati ya gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita na jingine la injini mpya linalokwenda 18, lakini la pili linauzwa ghali zaidi kwa Sh300,000. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, ataokoa lita 417. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, hizo ni takriban Sh75,000. Itamchukua miaka minne kurejesha nyongeza hiyo ya bei. Iwapo nyongeza yenyewe ni ya mkopo wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee itakuwa Sh48,000, na akiba iliyobaki ni ndogo sana.

Dereva wa teksi anayetembea kilomita 50,000 kwa mwaka hurejesha fedha hizo katika mwaka mmoja na miezi michache. Hilo linaeleza ni kwa nini madereva wa teksi za mtandaoni ndio waliotangulia kuyakimbilia magari haya, na kwa nini Uber ilipoanzisha huduma yake ya bei nafuu ya Chap Chap jijini Nairobi mwaka 2018 ilichagua Suzuki Alto. Mwalimu anayeliendesha gari hadi shule iliyo kilomita tatu kutoka nyumbani, kisha kanisani Jumapili, hana sababu ya kulipa ziada kwa ajili ya injini mpya. Afadhali atafute gari la kawaida lililotunzwa.

Bei yenyewe hutegemea sana kodi. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa kwa magari mengi yenye injini ya zaidi ya sentimita mchemraba 1,500 hadi asilimia 25, ikayaacha yaliyo chini ya kiwango hicho katika asilimia 20. Si ajabu basi kwamba injini za 1,496 na 1,498 zinapendwa mno. Mwaka 2023 ushuru wa forodha nao ukapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35.

Kodi hizi hupandiana. Gari lililothaminiwa na forodha kuwa la Sh400,000 hutozwa Sh140,000 za forodha kwa kiwango cha asilimia 35. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla hiyo ya Sh540,000, nao ni Sh108,000. Kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya Sh648,000, ambayo ni Sh103,680. Gari limefika Sh751,680 kabla ya ada ya kutangaza bidhaa zinazoagizwa, ada ya ustawi wa reli, gharama za bandari na malipo ya wakala. Thamani inayotumiwa si bei aliyolipa mnunuzi Japani. Mamlaka ya Ushuru (KRA) hutumia orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Orodha mpya ilitangazwa mwaka 2025.

Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, hayakupewa nafuu ya ushuru wa bidhaa iliyotolewa 2019. Nafuu hiyo ya asilimia 10 ilikuwa ya magari yanayotumia umeme pekee.

Umri wa gari nao una mpaka. Kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) huzuia uagizaji wa magari yaliyopita miaka minane, ikihesabiwa kwa mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, gari lililosajiliwa Japani 2018 liliruhusiwa, la 2017 halikuruhusiwa. Vitz za mwisho, basi, ndizo zinazokaribia kufungiwa mlango, kwani jina hilo liliachwa Japani mwaka 2020 na nafasi yake kuchukuliwa na Yaris. Anayetaka Vitz baada ya hapo atalazimika kutafuta iliyokwisha kutumika humu nchini.

Jambo linalowaponza wamiliki wengi kuliko yote ni oili. Injini hizi zimetengenezwa kwa oili nyepesi, kwa kawaida ya alama 0W-20, ambayo hupita upesi katika njia nyembamba na kupunguza msuguano. Fundi wa mtaani aliyezoea injini za miaka ya 1990 humimina 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito hulinda zaidi. Akiba ya mafuta huanza kupungua siku hiyohiyo. Baya zaidi, mitambo inayobadilisha muda wa vali huendeshwa na shinikizo la oili hiyo, na cheni inayozungusha vali hutegemea usafi wake. Cheni haibadilishwi mara kwa mara kama mkanda wa zamani, lakini oili chafu huifanya ilegee, na ukarabati wake huhitaji injini kufunguliwa.

Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama ile ya Nissan Note yenye supachaja au ya Demio iliyotajwa, zina udhaifu mwingine. Petroli haipiti tena juu ya vali za kuingiza hewa, kwa hivyo haizioshi, na masizi hujikusanya hapo taratibu. Dalili zake ni injini kukohoa asubuhi na gari kuwa zito.

Giaboksi huhitaji tahadhari hiyohiyo. Mengi ya magari haya hutumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za meno za kubadilishwa. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Hutaka oili yake maalumu. Akiwekewa oili ya giaboksi ya kawaida, mwenye gari atasikia mvumo, kisha mtetemo gari linapoondoka, kisha kimya. Honda Fit ya haibridi iliyozinduliwa 2013 ilikuja na giaboksi tofauti ya klachi mbili, na katika muda wa mwaka mmoja hivi Honda iliyaita magari hayo mara tano Japani kwa marekebisho. Anayenunua la miaka hiyo atumie nambari ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni kujua iwapo marekebisho yote yalifanywa.

Kuna pia mfumo wa kuzima injini gari linaposimama kwenye taa na kuiwasha tena. Huokoa petroli kweli katika msongamano, lakini hudai betri maalumu zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85, ambazo ni ghali kuliko za kawaida. Wengi huweka betri ya kawaida na kubonyeza kitufe cha kuuzima mfumo huo. Si kosa kubwa, mradi mtu ajue kwamba sehemu ya akiba aliyoinunua ameiacha.

Kwa haibridi kama Aqua, mambo hugeuka. Katika foleni ya Barabara ya Mombasa saa kumi na mbili jioni, gari hili halina mpinzani, kwani hutambaa kwa umeme na hukusanya nishati kila breki inapokanyagwa. Kwenye safari ndefu ya mwendo wa kasi kwenda Voi, ubora huo hupungua sana. Giaboksi yake ni ya meno, si ya mkanda, na ni imara. Wasiwasi uko kwenye betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma. Betri hiyo hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti, na vumbi letu huliziba tundu hilo. Wenye watoto na mizigo hulifunika kwa mikoba bila kujua. Betri ikipata joto kila siku huzeeka kabla ya wakati.

Betri ya Aqua ina moduli 20. Baadhi ya mafundi hubadilisha moja au mbili zilizokufa na kumrudishia mwenyewe gari likiwa na taa za onyo zimezimika. Moduli mpya na kuukuu hazilingani nguvu, na hitilafu hurejea baada ya miezi michache. Mnunuzi aombe betri ipimwe kwa kompyuta, moduli zikilinganishwa huku gari likiendeshwa, wala si likiwa limeegeshwa.

Lipo pia jambo la aibu lililoenea katika gereji. Kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi hukiita masega, kina madini ya thamani. Huchomolewa na kuuzwa, na bomba tupu likachomelewa mahali pake. Injini mpya hupima moshi wake kila mara, na kichujio kikikosekana taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Fundi stadi wa udanganyifu huizima taa hiyo. Kabla ya kulipa, gari liinuliwe na ekzosi itazamwe.

Wenye kuongeza spesa ili gari lisigonge matuta, kisha wakafunga matairi makubwa, wasishangae kilomita kwa lita zikipungua. Gari lililoinuliwa husukuma hewa zaidi, na tairi zito huhitaji nguvu zaidi kuzunguka. Matairi makubwa pia hupotosha mita yenyewe, hivyo hata hesabu ya matumizi haitakuwa sahihi.

Jaribio zuri la gari lililotumika huanza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyeiwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha mlio wa cheni. Kifuniko cha oili kifunguliwe. Utelezi mweusi mzito ndani yake ni ushahidi wa kupuuzwa. Gari lipelekwe mlimani, kisha kwenye foleni. Kwa gari lililotoka Japani moja kwa moja, karatasi ya mnada huonyesha kilomita zilizotembewa na kama liliwahi kugongwa, na herufi R kwa kawaida humaanisha kwamba lilikarabatiwa. Kilomita hizo zilinganishwe na cheti cha kufutiwa usajili Japani. Zikiwa 118,000 kwenye cheti na 62,000 kwenye dashibodi, mazungumzo yamekwisha.

Kwa lililotumika nchini, nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na logibuku, na taarifa za umiliki zitafutwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA) kupitia eCitizen. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwa akaunti yake, mnunuzi akaukubali. Jina la benki likionekana kando ya la mwenye gari, deni huenda halijalipwa, na fedha zisitoke mfukoni hadi benki yenyewe iondoe jina lake.